Njia ya umma ni yako pia: majibu kwa mnaopona ugenini

Barua za mwezi huu zimefanana. Wengi wenu mmetoka hospitali hapa Uingereza, mmeambiwa "tembea tembea", mkapewa karatasi, basi. Nimechagua saba. Mimi si daktari. Nilikuwa msaidizi wodini kwa miaka mingi, kisha nikawa mgonjwa mwenyewe, na hilo la pili ndilo lililonifundisha zaidi. Daktari wako akisema tofauti na mimi, msikilize yeye.

Shikamoo dada. Ni wiki ya tano tangu nifanyiwe upasuaji wa tumbo, na daktari anataka nitembee kila siku. Nyuma ya mtaa wetu kuna njia inayokata katikati ya shamba la ngano. Naona Wazungu wanapita na mbwa wao. Mimi naogopa. Nikikutwa mle nitasemaje? (Mama wa wawili, Leicestershire)

Marahaba mdogo wangu. Utasema habari za asubuhi, utaendelea na safari yako.

Angalia pale njia inapoanzia. Ukiona kibao cha Public Footpath au kishale cha njano, hiyo ni njia ya umma. Ardhi ni ya mwenye shamba, lakini haki ya kupita ni ya kila mtu, awe na pasipoti ya hapa au asiwe nayo. Haruhusiwi kuiziba. Kishale kikiwa cha buluu, farasi na baiskeli nao wanapita, kwa hiyo sikiliza nyuma yako. Ukiziunganisha njia zote za namna hii za England na Wales unapata kilomita kama 225,000. Kwenye ramani za Ordnance Survey za kipimo cha 1:25,000 zimechorwa kwa vistari vya kijani. Scotland wametuzidi: sheria yao ya 2003 inakuruhusu kupita karibu ardhi yote, mradi uwe mstaarabu.

Hiyo hofu yako, wenyeji nao waliwahi kuwa nayo. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwanda kutoka Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout kwa makusudi, wakati mabwana wenye ardhi walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Walinzi waliwazuia kwa fimbo, na vijana watano wakafungwa jela. Sheria ya mbuga za taifa na njia za mashambani ilipitishwa 1949, na mwaka 1951 eneo lile lile la Peak District likawa mbuga ya kwanza ya taifa. Kwa hiyo ukipita kwenye ile ngano, unatembea juu ya kitu kilichopiganiwa na watu waliokuwa wakiambiwa, kama wewe unavyojiambia, kwamba pale si pao.

Wa kuogopwa mle ni ng'ombe mwenye ndama. Usipite kati yake na mtoto wake. Zunguka kwa mbali, na kama kundi limekaa juu ya njia, ahirisha. Halafu kuna vile vingazi vya mbao vya kuvukia uzio. Kwa mshono wa wiki tano sivipendi hata kidogo, kwa sababu unainua mguu juu huku umejipinda. Tafuta njia yenye mageti. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge.

Saa yangu ya mkononi inanidai hatua 10,000. Nilitoka hospitali mwezi uliopita, nilikuwa na nimonia. Nikifika hatua 3,000, kesho yake nashinda kitandani. Ni uvivu? (Dereva, Reading)

Si uvivu, kaka. Hiyo 10,000 haikutoka kwa daktari. Ilitoka Japani mwaka 1965, kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Ni namba ya dukani. Mwili uliotoka kwenye nimonia hauijui.

Kipimo chako kiwe mdomo: ukitembea, uweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa, punguza mwendo au keti. Ninachokiona kwa wengi ni kwamba siku wanayojisikia vizuri wanaenda mbali mno, kama mtu anayelipa deni, kisha wanalala siku mbili. Afadhali 2,000 kila siku wiki nzima, na wiki inayofuata uongeze kidogo. Maumivu ya kifua au pumzi inayokata ghafla, piga 999. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, tafuta msaada siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda.

Kama kutembea peke yako kunakuchosha roho, zahanati nyingi za GP, yaani daktari wa mtaani, zina mfanyakazi ambaye kazi yake ni kuwaunganisha wagonjwa na vikundi vya mtaani. Muulizie. Kuna matembezi mafupi ya Wellbeing Walks, hayalipiwi. Kuna pia vikundi vya kutembea vya Black Girls Hike na Muslim Hikers, kwa wanaotaka kuanza wakiwa na wa kwao. Sioni ubaya wowote katika hilo. Mtu anayepona ana haki ya kuchagua nani amwone akihema.

Mama mkwe wangu alitoka Kongo, Kiingereza hajui. Kliniki ya moyo wanamwita mara kwa mara, na anayemtafsiria ni mwanangu wa miaka 13 kwa sababu mimi nipo kazini. Juzi mtoto amerudi analia, hataki kwenda tena. Nimlazimishe? (Mama, Sheffield)

Usimlazimishe. Mtoto wa miaka 13 asiwe wa kwanza kusikia kwamba moyo wa bibi yake umechoka, kisha atafute maneno ya kumwambia.

Mkalimani ni huduma ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, na hulipi hata senti. Omba wakati wa kupanga miadi, si asubuhi ya siku yenyewe, na waambie waandike kwenye faili lake ili usirudie ombi hilo kila mara. Mara nyingi mkalimani atakuwa kwenye simu, na si vibaya. Taja ni Kiswahili kipi. Cha Lubumbashi au Bukavu na cha Unguja vinapishana, na bibi mwenye aibu atatikisa kichwa tu kama mtu aliyeelewa.

Nalishupalia hili kwa sababu nimeliona. Wodini kwetu alikuja mama mmoja akasema ana kichomi. Mjukuu akatafsiri kwamba anasikia kuchomwa, nesi akaanza kutafuta jeraha. Dakika kumi zilipotea kabla sijapita pale na kusema huyu analalamikia kifua. Mwingine alisema ana presha. Sisi tunajua presha ni ugonjwa, una kidonge chake. Kwa Kiingereza cha kijana aliyemtafsiria ikatoka kwamba mama amelemewa na mambo, akaulizwa kama angependa kuongea na mshauri! Na mtu akikwambia "moyo unaniuma", je, ni kifua au ni msiba? Mkalimani aliyesomea kazi hiyo atauliza. Mtoto atakisia.

Jambo jingine: dawa za miti shamba anazotumia, zifunge kwenye mfuko aende nazo. Najua hataki. Atahisi anashtakiwa. Lakini mgonjwa wa moyo huenda yupo kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, na baadhi ya mitishamba inapambana nayo. Mwambie daktari anataka kuijua, hataki kumnyang'anya.

Shemeji yangu yupo hapa kwa viza ya kazi. Kidonda chake hakiponi, na hataki kwenda kwa GP akidhani ataletewa bili. (Luton)

Mwambie amekwisha lipa. Ile ada ya afya aliyotoa akiomba viza, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima tangu Februari 2024, ndiyo hiyo. Wenye viza ya kazi za afya hawaitoi, na haki wanayo vile vile. Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji pasipoti wala bili ya umeme, hata mhudumu wa mapokezi akisema vinginevyo. Kumwona GP ni bure. Dawa, England ilifika pauni 9.90 kwa kila aina mwaka 2024. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini hawatozi. Aliyekuja kwa viza ya matembezi hali yake ni tofauti, akilazwa anaweza kuletewa bili. Shemeji yako si huyo. Aende kesho.

Natembea mashambani kila mchana, hata Desemba, na bado nimeambiwa vitamini D yangu iko chini. Kwa nini?

Kwa sababu jua la hapa, kuanzia Oktoba hadi karibu mwisho wa Machi, linaangaza tu. Halina nguvu ya kuifanya ngozi itengeneze hiyo vitamini. Ushauri wa serikali ni kila mtu afikirie mikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Wewe uliyekwisha pungukiwa, dozi yako ataipanga daktari.

Tukiwa bado kwenye ngozi: kile kidude kinachobana kidole kupima oksijeni kinaweza kusoma juu kuliko ukweli kwa mtu mweusi. Kikisema uko sawa na wewe unahema, sema unahema. Na ukipita kwenye majani marefu, kagua kupe jioni. Duara la wekundu linaloelezwa kwenye vipeperushi halionekani vizuri kwetu, basi usisubiri ulione. Ukipata homa na uchovu wiki chache baada ya kuumwa na kupe, taja huyo kupe.

Nilipolazwa, mzee wa kitanda cha jirani alimtukana nesi kutoka Ghana na kusema hataki kuguswa naye. Nilikuwa dhaifu, nikanyamaza. Inaniuma hadi leo. (Baba, Bristol)

Ulikuwa na mrija mkononi, mzee wangu. Usijihukumu. Tangu Aprili 2020 wahudumu wa NHS huko England wanaruhusiwa kumnyima huduma isiyo ya dharura mgonjwa anayewabagua, kwa hiyo neno lako halikuwa silaha pekee iliyokuwapo.

Nami huwa najiuliza mzee kama huyo anadhani nani angemtibu. NHS ilianza tarehe 5 Julai 1948, na siku 13 kabla yake watu wa Karibi walikuwa wameshuka bandari ya Tilbury kutoka meli ya Empire Windrush. Miaka iliyofuata hospitali zikaagiza manesi kutoka huko huko. Leo wafanyakazi wake wametoka mataifa zaidi ya 200. Angekataa wote angebaki na shuka lake chafu.

Bado una nafasi ya kusema. Manesi hapa huhuisha usajili kila miaka mitatu, na hutakiwa kuonyesha maoni matano kuhusu kazi yao. Mwandikie huyo nesi barua kupitia wodi. Mistari minne inatosha, itaingia kwenye hayo matano.

Nyote mnaongelea kutembea. Mimi bado safari yangu ni kitandani hadi chooni. (Bila jina)

Kuna mtafiti Roger Ulrich, mwaka 1984 alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania waliotolewa mfuko wa nyongo. Ishirini na watatu vitanda vyao vilitazama miti, ishirini na watatu wengine ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema kidogo na walitumia dawa kali chache za maumivu. Ni watu wachache, usiufanye Msahafu.

Lakini mimi pia nilitolewa nyongo, na kitanda changu kilitazama ukuta. Nilimwomba nesi akigeuze. Alikuwa mama wa Kifilipino, akanionyesha mabomba ya oksijeni yaliyofungwa ukutani, hakigeuki. Kesho yake baada ya chai akaja na kiti cha magurudumu, akanipeleka mwisho wa korido kwenye dirisha. Palikuwa na mti mmoja na maegesho ya magari. Niliutazama ule mti siku nne mfululizo, na siku ya tano nikaenda kwa miguu yangu.

Mwambie aliye nyumbani akusogezee kiti dirishani. Kama dirisha linatazama ukuta, badilishaneni vyumba.