Swali la lugha: Mashabiki "wanategemea" au "wanatarajia" albamu mpya?

SWALI: Mimi na wenzangu wachache hapa Kisasa, Dodoma, ni wapenzi wa hevi metali, yaani muziki wa roki mzito wa magitaa. Siku hizi mazungumzo yetu yote ni kuhusu bendi moja ya Uingereza tunayoamini itatoa albamu nyingine, ingawa yenyewe haijatangaza lolote. Niliandika katika kundi letu la WhatsApp: "Tunategemea albamu mpya ya bendi hii mkongwe." Mmoja akanisahihisha kwamba ningeandika "tunatarajia", na mwingine akasema "bendi mkongwe" si sahihi. Naomba utuamulie.

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wote wawili wana hoja, ila huyo wa kwanza amekuondolea tatizo moja akakuachia jingine, kama nitakavyoeleza.

Kiini cha kitenzi "kutegemea" ni kuegemea: mtu au kitu kinauweka uzito wake juu ya kingine, na hicho cha pili kikiondoka, cha kwanza kinaanguka. Ndiyo maana tunasema mtoto anawategemea wazazi, tukapata maneno "tegemeo" na "mtegemezi", na ndiyo maana wahenga walionya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Anayeonywa hapo ameyaweka maisha yake juu ya mali ya mwingine. Kama ana matarajio au hana, methali haisemi. "Kutarajia", neno tulilolipata kutoka Kiarabu, hakuhusu uzito bali wakati: ni kuona kwamba jambo fulani liko njiani, kwa kuwa kuna dalili yake.

Wewe unayeishi Dodoma una mfano mzuri kuliko wowote ninaoweza kuutunga. Mkulima wa mtama wa Chamwino au Bahi anategemea mvua mwaka mzima, hata mwezi wa Agosti ambapo ardhi imekauka na upepo unapeperusha vumbi, kwa sababu bila mvua hiyo ghala lake litabaki tupu. Lakini mwezi huohuo wa Agosti hatarajii mvua, maana mvua za msimu katika mikoa ya Dodoma na Singida huja kati ya Novemba na Aprili. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nao husema mvua "zinatarajiwa". Ungesema "zinategemewa", tungeelewa kwamba kuna watu ambao riziki yao imo ndani ya mvua hizo, jambo ambalo ni kweli lakini si utabiri.

Sidai kwamba anayesema "nategemea" kwa maana ya "natarajia" haeleweki. Ukimuuliza muuza uwele katika Soko la Majengo mzigo mpya utafika lini, atakujibu, "Tunategemea Jumamosi," nawe utarudi Jumamosi na kikapu chako bila kumtaka afafanue. Matumizi hayo yameenea Tanzania nzima, na kumkosoa mtu sokoni kwa ajili yake ni utovu wa adabu. Katika maandishi, hata hivyo, ninashauri tofauti itunzwe, kwa kuwa sentensi yako inaweza kusomeka kana kwamba msipoipata albamu hiyo hamtaweza kuishi. Labda ndivyo mashabiki wa hevi metali mlivyo, lakini sidhani ndicho ulichokusudia.

Sasa nirudi kwa aliyekusahihisha. "Kutarajia" kunahitaji dalili, nawe umesema bendi haijatangaza lolote. Tuitazame albamu ya Iron Maiden, bendi ya hevi metali ya Uingereza, iliyotoka tarehe 3 Septemba 2021, miaka sita baada ya ile ya 2015. Ilirekodiwa Paris mwaka 2019, lakini ikawekwa kabatini bila umma kuambiwa, na katika kipindi hicho shabiki wa kawaida, ambaye hakuwa na habari yoyote mkononi, alikuwa akitumaini tu. Katikati ya Julai 2021 ulipotolewa wimbo mpya, wa kwanza baada ya miaka hiyo sita, alikuwa na haki ya kutarajia albamu. Siku chache baadaye, tarehe 19 Julai, albamu ilipotangazwa pamoja na siku yake ya kutoka, alianza kusubiri, au kungoja ukipenda, kwa sababu kilichobaki kilikuwa kuhesabu siku. Shabiki ni yuleyule na hamu ni ileile, ila kitenzi kimebadilika mara mbili kwa kadiri habari zilivyoongezeka.

Kuhusu "mkongwe", jibu ni fupi. Kivumishi hiki hufuata ngeli ya nomino yake: mwanamuziki mkongwe, wanamuziki wakongwe, chama kikongwe. "Bendi" imo katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo ni "bendi kongwe", iwe ni Iron Maiden iliyoanzishwa mwaka 1975 au Msondo Ngoma yetu iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz. Nadhani "mkongwe" hujipenyeza kwa sababu tukitaja bendi tunawawaza wazee walioshika magitaa.

Ujumbe wako, basi, ungesomeka hivi: "Tunatumaini bendi hii kongwe itatoa albamu mpya." Wakitoa wimbo wa kuionjesha albamu, andika "tunatarajia", na siku watakapotaja tarehe, andika "tunasubiri", kisha uitaje tarehe yenyewe.