Wanyama wakubwa wanaletwa pori la kwenu? Njia iandikwe kabla lori halijafika

Habari zenu jamani. Juzi hatimaye karatasi imesainiwa, ile ya njia yetu inayokatiza ndani ya ranchi mpaka upande wa mto Kafu, hapa Uganda, mhuri wa LC1 (halmashauri ya kijiji) upo, sahihi ya mwenye ranchi ipo, na kopi yangu nimeshailaminisha. Wale waliokuwa wananiita mpinga maendeleo siku ya kusaini ndio walishika maiki wakashukuriana wao kwa wao, jina langu halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Sawa tu, Mungu anaona.

Sasa wiki hii kuna dada wa upande wa Bweyale kaniandikia, anasema pori wanalookota kuni limeanza kuwekwa nguzo na wanaambiwa nyati na pundamilia wanakuja, je ndo basi tena? Dada yangu, inategemea pori ni la nani, ila ngoja nikusimulie ya kwetu kwanza.

Hapa kwetu ilikuwa ranchi ya ng'ombe, ikafa, miti ikajiotea mpaka ikawa msitu. Tumekua tunapita mle, watoto wakienda shule, akina mama kuni, wazee na mizinga yao ya nyuki, hakuna aliyeuliza hati iko kwa nani. Siku mwenyewe katokea na waya na mipango, analeta pofu na pundamilia, baadae nyati, kijiji kikapasuka katikati. Wengine wanaona kazi na watalii, wengine wanatafuta panga wakakate waya usiku. Mimi nikasimama kwenye mkutano nikauliza kitu kimoja, mtoto atapita wapi asubuhi? Wakacheka. Mzee mmoja mwenye heshima zake akasema mtoto anunuliwe baiskeli azunguke. Azungukie wapi mzee wangu, kwenye barabara ya Gulu yenye malori yanayokimbilia Juba? Hiyo kauli mpaka leo inanikaa kooni.

Mikutano ya katikati nairuka, ni chai na kuahirisha.

Na msinielewe vibaya, sina ugomvi na wanyama. Uganda faru waliisha kabisa mwanzoni mwa miaka ya 80, mpaka 2005 walipoletwa wanne kutoka Kenya pale kwenye hifadhi ya faru inayoitwa Ziwa, wilaya ya Nakasongola, mwaka uliofuata wakaongezwa wawili kutoka Marekani, na 2009 akazaliwa ndama wakamwita Obama, maana baba Mkenya mama Mmarekani, hahaha. Na pale Ziwa mgeni anatembea kwa miguu kabisa kwenda kuwaangalia faru, ila afande yuko mbele na unamfuata. Hifadhi ya taifa ya Ziwa Mburo nako twiga walipelekwa 2015, moja ya sababu ni migunga iliyokuwa inafunika majani ya malisho, na bado watu wanatembea mle na renja mwenye bunduki. Kwa hiyo mtu akikuambia mnyama mkubwa akiingia basi binadamu atoke, muulize Ziwa wanafanyaje.

Hata Uingereza, kwenye misitu ya Blean karibu na Canterbury, walipeleka baisani mwaka 2022, huyo ni mnyama wa Ulaya, kama binamu wa nyati, kazi yake kuangusha na kuchubua miti ili jua lifike chini. Mule mna njia za umma za miguu, na hawakuzifunga, wakajenga madaraja ili watu wapite juu na baisani wapite chini. Hela wanazo, najua, lakini njia ilikuwa imeandikwa kwenye sheria tangu zamani. Ndo ninachopigia kelele kila siku, andikeni.

Haya dada, kwanza ulizia pori ni la nani. Kama ni hifadhi ya msitu ya serikali, sheria ya misitu ya 2003 ina kifungu kinachomruhusu mwanajamii wa pale kuchukua kuni kavu bila kulipa, kwa matumizi ya nyumbani na kwa kiasi, japo mpango wa usimamizi wa msitu unaweza kuweka masharti. Kama ni ardhi ya mtu binafsi kifungu hicho hakikusaidii, una maongezi tu, na maongezi bila karatasi ni hewa. Na ile asilimia 20 ya kiingilio ambayo watu wanaitaja taja ni ya majirani wa hifadhi za UWA (mamlaka ya serikali ya wanyamapori), msije mkaidai kwa mwenye ranchi mkachekwa kama mimi nilivyochekwa kwa swali la mtoto.

Pili, andikeni. Njia inaanzia wapi inaishia wapi, geti linafunguliwa saa ngapi, kuni siku gani, nani anasindikiza. Sisi tumepata njia yenye uzio pande zote mbili, kuni Jumanne na Jumamosi na askari wa ranchi yupo. Mbwa tumekubali wabaki nyumbani, na hilo naliunga mkono mia kwa mia, mbwa akishamchokoza nyati anamkimbilia mwenye mbwa, na nyati anakuja nyuma yake.

Tatu ni hiyo hiyo ya pili, andikeni, na fanyeni hivyo wanyama wakiwa bado hawajashuka, maana wakishafika kila mkiomba kitu mtaambiwa usalama, usalama. Vijana mnapenda kulalamika WhatsApp halafu siku ya mkutano hamuonekani! Mnataka nani awasemee?

Kwetu kilichobaki ni ufunguo wa geti la mtoni. Ranchi wanataka ukae kwao tu, mimi nasema mmoja ukae kwa mwenyekiti, na hilo bado tunavutana nalo.