Barua kwa mwanangu: mkeo, kukandwa na arobaini

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia mjukuu wangu anaongezeka uzito. Umeniuliza kwa nini mwenzako anakataa kukandwa na mama yake mkubwa, na umjibu nini baba mkwe wako anayeshikilia kwamba mjomba wa mkeo lazima awepo kwenye arobaini, ilhali mkeo ameshakueleza mjomba huyo alichomfanyia alipokuwa darasa la nne. Umesema yeye mwenyewe amekuruhusu uniambie. Vizuri. Mwingine asijue mpaka mkeo atake.

Naanza na mjomba, maana hapo sina mjadala. Asije, na wa kusema hivyo ni wewe. Ukimwachia mkeo akatae, watamwita mkorofi, watamwambia yaliyopita si ndwele. Mwambie mzee kwa adabu: "Baba, shughuli iko nyumbani kwangu, na mjomba sitamwalika." Sababu usiitoe. Wakisusa, fanyeni dua na chai, inatosha. Ila kama huyo mtu anaishi na watoto wadogo hivi sasa, kaa na mkeo mzungumze kuhusu kupiga 116, namba ya bure ya kuripoti ukatili kwa watoto. Watoto hao nao wana haki ya kulindwa.

Sasa hili la kukandwa. Katika kazi yangu ya ukunga nimewaona wanawake wakikakamaa mwili mzima mara tu mhudumu anapovaa glovu. Wengine walifokewa kuwa ni waoga wa uchungu, na hilo liliniuma kila nilipolisikia. Mimi nilikuwa nakaa upande anaoniona, namwambia nitamgusa wapi na kwa nini, na kwamba akisema subiri nitasubiri. Mara nyingi hayo tu yalitosha mabega yashuke na pumzi irudi. Basi fikiria kukandwa: unavuliwa khanga, unashikwa tumbo na nyonga, na ukisema hapana unaambiwa ndivyo wazazi wote wanavyofanyiwa. Aliyewahi kushikwa bila hiari, mwili wake unakumbuka, hata kama anajua fika kwamba huyu ni mama mkubwa anayempenda. Asilazimishwe. Hatadhurika kwa kukosa kukandwa, na maji yakizidi moto huunguza. Akitaka kuoga maji ya vuguvugu, aoge mwenyewe, mlango aufunge kwa ndani. Kunyonyesha nako kunaweza kumrudisha kule kule, hasa usiku. Siku akikwambia anakamua ili mtoto anyweshwe kwa kikombe, chukua kikombe, maelezo usiyadai.

Kilio cha mtoto huongezeka wiki hadi wiki na hufikia kilele karibu na wiki ya 6, yaani hapo hapo kwenye arobaini, nyumba imejaa wageni. Umeandika kwamba mtoto akizidisha, mkeo humlaza kitandani kwake na kujifungia bafuni, na unaona kama anamkimbia mwanawe. Mimi naona anafanya jambo la akili: mtoto yuko salama, na mama ametoka kabla hajazidiwa. Mchukue mtoto, tembea naye. Mlango usiugonge. Akitoka mpe chai kwanza, usimrudishie mtoto papo hapo.

Najua anaogopa kuwa kama wale waliomlea. Mwambie ukweli: wengi walioumizwa utotoni hawawaumizi watoto wao. Byron Egeland na wenzake kule Minnesota, Marekani, waliwafuatilia akina mama wa namna hii, na mwaka 1988 wakachapisha walichokiona. Waliolea watoto wao bila ukatili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa waliwahi kupata mtu mzima aliyewajali utotoni, au ushauri wa kitaalamu, au mwenzi mtulivu wa kuwashika mkono. Huyo wa mwisho ni wewe, mwanangu.

Wala asidhani yuko peke yake. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao leo ni mama. Wamekaa kwenye benchi la kliniki, watoto wanapimwa uzito na kuchanjwa, na ni nadra mtu kuwauliza wao wenyewe wanaendeleaje. Hili linanisikitisha kuliko ninavyoweza kuandika.

Habari za zamani usimchimbe. Akizianza, sikiliza, usimwahidi kulipiza kisasi, maana ataanza kukutuliza wewe. Lakini ukiona halali hata mtoto akiwa amelala, au hali chakula, au anasema ni heri asingekuwepo, siku hiyo hiyo nendeni hospitali ya mkoa, kitengo cha afya ya akili, nawe uingie naye akitaka.

Mimi niko tayari kuja kupika na kufua nepi mpaka wageni waishe. Ila muulize yeye kwanza kama angependa nije sasa. Akisema bado, nitumie ujumbe tu, nitangoja mpaka anihitaji.

Mama yako