Benki mara nne, gari la umeme mara mia mbili: ipi rahisi?

SWALI: Assalamu alaikum. Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu, nina mashua mbili za kuvusha watu Mokowe na Manda. Tangu 2019 nimekuwa nikinunua hisa za benki kidogo kidogo kwenye soko la Nairobi. Mpwa wangu yuko Malindi, ana tuktuk, na yeye amezama kwenye hisa za magari ya umeme, Tesla ya Marekani na BYD ya China, anazinunua kwa simu. Kila akija Lamu twabishana barazani mpaka kahawa inapoa. Mimi namwambia benki yangu bei yake ni mara nne tu ya faida ya mwaka, na Tesla yake ni kama mara mia mbili, basi yangu ndiyo rahisi. Yeye asema hesabu hiyo ni ya wazee, na tena pesa zangu ni za riba. Nani kati yetu hajui hesabu? La pili: nilinunua hisa zaidi siku moja kabla ya benki kufunga daftari la gawio, ile faida tunayogawiwa wenyehisa, na kwa hizo mpya sikupata hata senti. Je, nimeibiwa?

JIBU: Waalaykum salaam, mzee wangu. Nianze na la pili kwa kuwa ni jepesi. Hukuibiwa, ulifika gatini mashua imeshang'oa nanga. Katika soko la Nairobi, ununuzi wa leo hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya leo. Hadi siku hiyo, jina lililo kwenye daftari ni la aliyekuuzia. Benki ikifunga daftari Ijumaa, Jumanne ndiyo siku ya mwisho ya kununua ukapata gawio. Ukinunua Alhamisi, jina lako litaingia Jumanne inayofuata, na gawio atakuwa ameshaandikiwa yule wa kwanza, kihalali kabisa. Kwa kawaida bei huwa imeshashuka siku hizo, kwa sababu kila mtu anajua kinachouzwa ni hisa isiyo na gawio. Kwa hiyo huenda hukupata hasara uliyodhani. Na lile gawio la hisa zako za zamani likionekana pungufu kidogo, ni kodi ya asilimia 5 inayokatwa kabla hujalipwa.

Sasa ubishi wa barazani. (Nakiri nilicheka. Mji ambao gari halipiti vichochoroni mwake, punda ndio wenye njia, ndio unaogombana juu ya magari ya umeme.) Nyote wawili hesabu mnaijua. Mnachokosea ni kutumia kibaba kimoja kupimia vitu viwili tofauti.

Uwiano wa bei na faida ni bei ya hisa moja ikigawanywa kwa faida ya mwaka iliyoangukia hisa hiyo. Tuseme bei ni shilingi 48 na faida ni shilingi 12: jibu ni 4. Wewe umeishia hapo ukasema ni rahisi. Lakini tazama mashua yako. Mtu akija kuinunua atakuuliza kwa mwaka inakuachia kiasi gani baada ya mafuta, mabaharia na matengenezo. Ukimwambia laki moja, naye akakupa laki nne ukakubali, ameinunua mara nne. Mimi ningekuwa yeye, badala ya kufurahi ningeuliza mbao za chini ya maji zikoje, na mbona mwenyewe ana haraka ya kuuza. Kisha ningeuliza hiyo laki moja ni ya mwaka gani. Mwaka ambao kaskazi ilikuja na wageni wengi, au mwaka ambao kusi ilivuma watu wakabaki nyumbani?

Kwa benki swali hilo ni zito zaidi kuliko kwa mashua, kwa sababu faida ya benki kwa sehemu kubwa ni makadirio. Wewe abiria akishuka ameshalipa. Benki huandika mapato ya riba leo juu ya mkopo utakaolipwa kwa miaka mingi, halafu wakubwa wake wanakaa na kukisia wangapi hawatalipa, na kutenga fedha za kufidia mikopo hiyo mibovu. Wakitenga kidogo, faida ya mwaka huo inanenepa na uwiano unaonekana mdogo. Wakitenga nyingi, faida inakonda. Hesabu zote mbili zinaweza kupita kwa wakaguzi. Mwisho wa 2024, zaidi ya asilimia 16 ya mikopo ya benki za Kenya kwa jumla ilikuwa hailipwi ipasavyo. Wanunuzi wanaokataa kulipa zaidi ya mara nne wanajua hilo.

Na kuna jambo la pili kuhusu benki. Pesa inayochezewa si ya wenyehisa. Tuseme benki ina mali ya shilingi 100, na katika hizo 15 ndizo zenu nyinyi wenyehisa, zilizobaki ni za wenye akaunti. Imekopesha 60. Moja ya kumi ya mikopo hiyo isiporudi kabisa, 6 zimekwenda, na zinatoka katika zile 15 zenu, kwani mwenye akaunti lazima alipwe chake. Hasara ndogo huko juu inakuwa kubwa sana kwenu. Ndiyo maana sheria inaitaka kila benki ya Kenya iwe na mtaji wa jumla usiopungua asilimia 14.5 ya mali yake iliyopimwa kwa hatari, yaani mali yenye hatari zaidi ya kupotea huhesabiwa kwa uzito zaidi. Wewe tafuta benki iliyo juu sana ya kiwango hicho, usiridhike na inayokigusa.

Mimi mwenyewe niliumia kabla ya kuyajua haya. Nilinunua hisa za benki moja kwa sababu uwiano ulikuwa 3, nikajiona mjanja. Ukurasa wa mikopo sikuufungua. Mwaka uliofuata faida ikageuka hasara, na uwiano wenyewe ukapotea, maana huwezi kugawanya bei kwa hasara ukapata kitu cha maana.

Kwa benki nakushauri uanze na kipimo kingine: bei ya hisa dhidi ya thamani yake vitabuni. Chukua mtaji wote wa wenyehisa ulioandikwa kwenye mizania (ile taarifa ya mali na madeni ya benki), ugawanye kwa idadi ya hisa, ulinganishe na bei ya sokoni. Kisha uliza kila shilingi 100 za mtaji huo zimezaa faida ngapi kwa mwaka. Benki inayouzwa nusu ya thamani yake vitabuni huku inazaa 20 kwa kila 100, hiyo nitaitazama mara mbili. Inayouzwa nusu na kuzaa 5, soko limeisoma sawasawa. Na kama benki yako ni miongoni mwa zile ndogo, jua kwamba sheria iliyopitishwa 2024 imepandisha mtaji wa chini kabisa kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 10 kwa hatua, mwisho wake 2029. Benki ndogo italazimika kuwaomba wenyehisa pesa au kujiuza. Wenyehisa wa National Bank walipochukuliwa na benki ya KCB mwaka 2019 walipewa hisa moja ya KCB kwa kila hisa kumi za zamani.

Gawio nalo si mshahara. Mwaka 2020, korona ilipoingia, benki ya Equity ilikuwa imeshatangaza gawio la mwaka uliotangulia, kisha ikalirudisha mfukoni. Wakati huo walikuwapo watu waliokuwa wameshapanga karo za watoto kwa pesa hizo.

Haya, tuje kwa mpwa. Asemapo hesabu yako ni ya wazee ana chembe ya ukweli. Nenda Matondoni kwa waunda majahazi, utazame jahazi lililo kwenye mataruma tu, yaani mbavu bila mbao. Halijapakia hata gunia moja, faida yake ni sifuri, na bado lina bei. Anayelinunua anailipia safari zijazo. Tesla ilikuwa hivyo. Mwaka 2020 ndio ulikuwa mwaka wake wa kwanza mzima wa faida, dola milioni 721. Mwisho wa mwaka huo soko liliithamini kampuni kwa zaidi ya dola bilioni 600, yaani zaidi ya mara 800 ya faida. Kwa kipimo chako hilo ni wazimu. Lakini miaka miwili baadaye faida ilifika dola bilioni 12.6. Waliosema safari zitakuja walisema kweli.

Sasa mwulize mpwa: katika mwaka huo huo wa 2022, faida ilipozidi mara mbili ya mwaka uliotangulia, bei ya hisa ya Tesla ilifanya nini? Ilianguka kwa karibu asilimia 65. Hapa ndipo vijana wengi hawaelewi. Ukinunua mara 800, mafanikio yote unayoyatarajia umeshayalipia. Kampuni ikifanya vizuri kama ulivyotarajia, hupati cha ziada. Lazima ifanye vizuri kuliko wote walivyotarajia. Na katika ile faida ya 2020 kuna jambo ambalo wachache hulitaja: Tesla ilipata takriban dola bilioni 1.58 kwa kuwauzia watengenezaji wengine wa magari, wale wasiofikia viwango vya serikali, hati za kutotoa moshi. Bila hati hizo mwaka ungekuwa wa hasara. Mapato ya namna hiyo yanategemea kalamu ya mtunga sheria. Kisha 2024 magari yaliyokabidhiwa wateja yakapungua, kutoka takriban milioni 1.81 hadi milioni 1.79, na bado uwiano ukabaki juu, kwa sababu wanunuzi wameanza kulipia magari yanayojiendesha na roboti. Jahazi limeshaingia majini na watu wanalipia lile la pili lililo kwenye mataruma.

BYD asiiweke kapu moja na Tesla. Ilianzishwa Shenzhen mwaka 1995 kwa kutengeneza betri, ikaja kwenye magari baadaye, inalipa gawio, na uwiano wake kwa kawaida uko chini sana ya ule wa Tesla. Kampuni ya Warren Buffett, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, ilinunua hisa milioni 225 mwaka 2008 na haikuanza kuziuza mpaka 2022. Hiyo ni miaka 14 ya kukaa kimya. Mpwa wako, nikimsoma kupitia barua yako, hakai kimya siku 14. Na mataruma mengine hayafiki majini: Fisker, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, iliomba ulinzi wa kufilisika Juni 2024.

Jambo moja hamkuligusa kabisa, nalo ni dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa karibu 129. Aliyenunua kwa 160 akauza kwa 129, hata hisa yenyewe isipopanda wala kushuka, amepoteza karibu moja ya tano ya shilingi zake.

Kuhusu riba mimi si shehe, na nyinyi mna wanazuoni wa msikiti wa Riyadha hatua chache kutoka barazani kwenu. Ninaloweza kusema kama mtu wa hesabu ni kwamba mapato makuu ya benki ya kawaida ni riba, na wanaochuja hisa kwa misingi ya sharia huziacha benki hizo nje. Hapo mpwa hakukosea. Lakini simu yake imenitia shaka zaidi kuliko benki yako. Programu nyingi zinazowavutia vijana haziuzi hisa. Zinauza mkataba wa tofauti ya bei, wenyewe huandika CFD. Hisa ya Tesla hainunuliwi popote. Mpwa na wenye programu wanakubaliana kulipana kwa kadiri bei inavyopanda au kushuka. Hana kura, hana jina wala mwakilishi kwenye daftari la wenyehisa. Mara nyingi anaweka sehemu ndogo tu ya bei, zilizobaki anakopeshwa, kwa hiyo bei ikishuka asilimia 20 kwa mkopo wa mara tano, pesa yake yote imekwisha. Na kwa kila usiku anaolala na mkataba huo anatozwa ada inayohesabiwa kwa kiwango cha riba. Mwaka 2018, mamlaka ya masoko ya Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba hiyo hupoteza pesa.

Basi akija tena Lamu, kabla hamjaanza ubishi, mwambie afungue masharti ya akaunti yake atafute herufi hizo tatu, kisha atazame taarifa ya mwezi kama kuna tozo ndogo ndogo za kila usiku. Na jina la kampuni alitafute kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Akiona ni hisa kweli, mjadala wenu uendelee. Akiziona tozo za usiku, aanze kwa kufunga mkopo huo. Suala la riba ya mjomba wake litasubiri.