Jibu: Tairi za Prado kwa njia ya Bahi

Mkuu, umeuliza uchukue tairi za A/T (all-terrain, za njia mchanganyiko) au M/T (mud-terrain, za matope) kwa Prado inayoshinda Dodoma mjini na kwenda shamba Bahi wikiendi. Chukua A/T. M/T ina kashata kubwa, itakupigia kelele lami yote na kula mafuta, halafu faida yake uione siku chache tu za mvua.

Huku kinachoua tairi ni miiba ya migunga, hasa ikiingia ubavuni, ambako fundi pancha hana la kukusaidia. Tafuta zenye herufi LT (light truck, tairi za magari madogo ya mzigo) kwenye saizi, ubavu wake huwa mgumu zaidi, ingawa gari litakurusha kidogo.

Usilipe kabla ya kusoma namba nne za mwisho kwenye mstari wa DOT, ule msimbo wa kiwandani ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 1419 ni wiki ya 14, mwaka 2019. Mimi niliwahi kuuziwa "mpya" zinang'aa kama kiatu cha bwana harusi, kumbe zina miaka saba. Mwaka haukuisha, nyufa kila mahali.

Kwenye mchanga wa makorongo shusha upepo hadi paundi 20 hivi, ukirudi lami jaza. Ila ule udongo mweusi wa mbugani ukilowa, hata M/T inateleza. Paki, agiza chai, subiri ukauke.