Usinunue nyongeza zote kwa mpigo

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue nyongeza zote (vipande vya ziada vinavyouzwa kando) za Stellaris, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga milki angani, kabla hujaanza kucheza. Usithubutu. Chukua mchezo wenyewe tu, ucheze hata mwezi mzima, ndipo utajua unakosa nini.

Tena pesa ni shida ndogo. Kubwa ni kubomolewa nyumba ukiwa ndani, yaani mchezo kubadilishwa ukiwa umeshauzoea. Mchezo huo ulitoka 2016. Februari 2018 watengenezaji wakaondoa njia mbili kati ya tatu za kusafiri kati ya nyota, na Desemba ya mwaka huo huo wakafumua uchumi wa sayari: vile viraba vya kupangia majengo vikaondoka, zikaja wilaya na ajira. Aliyebobea akarudi darasa la kwanza.

Mimi yalinikuta kwenye mchezo mwingine. Wiki tatu najenga milki, usiku mmoja hapa Kondele, Kisumu, apdeti ikajishusha yenyewe, asubuhi faili niliyohifadhi haifunguki. Chai ilinipoa mkononi. Siku hizi kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, naingia mipangilio ya mchezo, sehemu ya Betas, nachagua toleo la zamani (kama lipo, si kila mchezo unalo) mpaka kampeni, yaani ile safari niliyoianza, iishe.

Na mkicheza wengi, nyongeza nyingi za mwenye kufungua mchezo zinawafaa wote walioingia. Sisi tuko wanne. Mmoja yuko Nakuru na ndiye mnunuzi, wengine tunadandia. Akishuka Kisumu tunamlipa kwa samaki.