Swali la msomaji: BMW 507 ya babu imelala tangu 1993, tuiwashe?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi mzaliwa wa Tanga, nimeolewa huku Ujerumani, Bavaria. Kwenye banda la baba mkwe kuna BMW 507, ile gari ya wazi ya viti viwili ya miaka ya hamsini, babu yake mume wangu aliinunua mpya 1957 na haijawahi kutoka nje ya ukoo. Mara ya mwisho kutembea ni 1993, toka hapo imefunikwa tu. Baba mkwe ana miaka 81 na anatamani aisikie ikinguruma tena, kwa hiyo mume wangu kanunua betri mpya na petroli lita ishirini, Jumamosi anataka kupiga stata. Mdogo wake baba mkwe naye kaona mtu anauza paa gumu la 507, anasema tulichukue maana letu lilipotea, halafu anadai injini sio yenyewe kwa kuwa namba yake haifanani na ya chasisi. Na baba mkwe anasema gari ilikuwa na ubovu toka mpya, ukifunga turubai ndani kunanuka petroli mpaka kichwa kinauma. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba dada. Kabla hujamaliza kusoma, nenda kaichukue hiyo betri uifiche. Sitanii. Chini ya kitanda, kwa jirani, popote, ila Jumamosi isiwepo bandani.

Sababu ni hii. Injini ya 507 ni V8, yaani silinda nane zimepangwa kwa umbo la V, ya lita 3.2, ukitaka kamili ni cc 3168, bloku (mwili wa injini) na hedi (vifuniko vya juu vya silinda) zote mbili ni aluminiamu na ndani mna silivu za chuma, ile mirija ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Pistoni zimekaa pale pale toka 1993. Ringi za pistoni chuma, silivu chuma, na baridi ya huko unaijua mwenyewe, unyevu unaingia kupitia valvu zilizoachwa wazi unatengeneza kutu kidogo tu, kama unga, lakini hiyo hiyo inatosha kugandisha ringi kwenye silivu. Sasa mtu anakuja na betri mpya yenye nguvu zake. Stata ikishindwa kuzungusha mshukuruni Mungu, kwa sababu ikiweza ndo mtihani, ringi zinakatika na vipande vinachana silivu, na hapo mmetoka kwenye kazi ya wiki chache mmeingia kwenye kufungua injini nzima ya gari ambayo zilitengenezwa 252 tu duniani.

Na pistoni hata zikiwa huru bado kuna valvu. Injini hii ina kemshafti moja, shafti inayofungua valvu, katikati ya V, na valvu zinasukumwa na fimbo ndefu. Valvu ikiwa imekwama kwenye kibomba inachopitia kwa sababu ya utomvu wa petroli ya zamani, kemshafti haijui hilo, inasukuma tu, fimbo inapinda. Nshaona kwa macho. Miaka ya nyuma mteja mmoja alituletea salun ya BMW ya enzi zile zile, V8 ya ukoo huo huo, ilikaa miaka kumi na tisa, shemeji yake kaiwasha na betri ya trekta. Anasema iliwaka vizuri sekunde kama nne hivi halafu ikatoa sauti ya mtu anatafuna kokoto. Tulipofungua kava za valvu fimbo tano zilikuwa zimepinda kama ndizi.

Basi fanyeni hivi, na ni kazi ya polepole, msiifanye kwa mashindano. Toeni plagi zote nane mziweke kwenye kibao kwa mpangilio wake, ya silinda ya kwanza ijulikane ni ya kwanza, maana fundi akiangalia tu rangi ya plagi anajua silinda ipi ilikuwa inakula oili. Pitisheni kamera ndogo ya waya kwenye kila tundu, siku hizi zinauzwa bei ya chakula cha mchana na mnachomeka kwenye simu, mpige picha kuta za silivu. Halafu mimina oili nyepesi, mi natumia ya giaboksi ya otomatiki nachanganya na dizeli kidogo, vijiko vitatu vinne kila silinda, mfunike matundu kwa kitambaa safi na mwondoke. Wiki nzima. Kila baada ya siku mbili ongeza kidogo. Wiki ikiisha toeni gia, chukueni spana ndefu kwenye nati ya krenkshafti (shafti kuu ya injini) mbele, msukume kwa mkono taratibu, mbele kidogo nyuma kidogo. Ikikataa msirefushe spana kwa bomba! Ongezeni oili msubiri wiki nyingine. Na wakati inazunguka kava za valvu ziwe wazi, mtu mmoja asimame aangalie kama kila valvu inashuka na kurudi. Kuivuta na gari nyingine huku iko gia ya tatu, ile tuliyozoea kwa Land Rover nyumbani, hapa msiifikirie kabisa.

Ikishazunguka huru ndo mnashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ya 1993 imekaa chini kama ugali, ukiweka mpya juu yake bila kusafisha unaikoroga tope linaenda kuziba njia za oili. Safisheni, rudisheni na gasketi mpya, wekeni oili ya madini ya kawaida ya gari za zamani, sio hizi za kisasa nyepesi kama maji. Fungeni mita ya presha ya oili ya nje, halafu plagi zikiwa bado nje, hapo sasa betri inaruhusiwa kutoka chini ya kitanda, mpige stata vipande vifupi vifupi mpaka mita ipande. Bila presha hakuna kuwasha, hata mzee alie.

Maji nayo msiyadharau. Kulanti, yale maji yenye dawa ya kupoza injini, ikizeeka inapoteza dawa yake na inaanza kula aluminiamu kutoka ndani, nje unaona bloku safi kumbe njia za maji zimekuwa kama jibini lenye matundu. Mwageni ya zamani muitazame rangi: ikitoka kahawia ni kutu ya silivu, ikitoka na uji wa kijivu-mweupe hiyo ndo aluminiamu yenyewe inatoka. Fundi apime mfumo kwa presha ya hewa ukiwa baridi kabla ya moto wowote. Breki hivyo hivyo, mafuta ya breki yananyonya maji, baada ya miaka yote hiyo wil silinda, zile pampu ndogo za breki kwenye magurudumu, zimeganda, kwa hiyo hata ikiwaka haiendi popote mpaka breki zimefunguliwa, na tairi zile mnazoziona zina hewa ni za kuisukumia tu.

Sasa nije kwenye hiyo harufu ya petroli maana hapo ndo nilikaa vizuri kwenye kiti. Dada, huo sio ubovu! 507 za mwanzo, zilizotoka 1956 na mwanzoni mwa 1957, zilikuwa na tangi la aluminiamu la kuchomelea lenye lita 110, limewekwa nyuma ya viti, na lilijulikana kwa mambo mawili: kula nafasi ya mizigo, na kunukisha petroli ndani ukifunga turubai au paa gumu. Baadaye BMW wenyewe wakaona haifai wakahamishia tangi dogo chini ya buti, la lita 65 hivi. Kwa hiyo malalamiko ya baba mkwe ni ushahidi kwamba mna gari ya toleo la kwanza, na zile ni chache ndani ya zile chache. Fungueni buti mwangalie, mkikuta tangi kubwa nyuma ya viti mmeshapata jibu. Atakuja fundi mjanja awaambie tubadilishe tuweke la kisasa harufu iishe, mwambieni asante kwaheri.

Ila tangi hilo ndo sehemu ya hatari kuliko zote humo bandani. Petroli ya miaka thelathini hata ikiwa imekauka, mvuke umebaki, na tangi tupu lenye mvuke linalipuka vibaya kuliko lililojaa. Hakuna kuchomelea, hakuna taa ya waya ya zamani, hakuna sigara ya mzee. Litolewe nje na mtu anayejua, lioshwe, likaguliwe viungo vya kuchomelea. Kwa kuwasha mara ya kwanza hatulitumii kabisa, tunaning'iniza chupa ndogo ya petroli safi pembeni yenye mpira mpya unaokwenda kwenye kabureta, ambazo nazo zimeshafunguliwa na kusafishwa. Na mipira yote ya zamani ya mafuta itupwe, petroli ya siku hizi huko ina ethanoli na inayeyusha raba ya miaka ya hamsini.

Paa gumu: mwambie ami yenu aachane na huyo muuzaji. Bodi za 507 ziligongwa kwa mkono, aluminiamu tupu, na paa gumu lilitengenezwa likajaribiwa kwenye gari moja moja, likatoshea ile ile iliyolengwa. La mwenzako unaliweka kwako unakuta upande mmoja limekaa na upande wa pili unapitisha kidole. Ili likae inabidi ulikate, au ukate gari, na vyote viwili ni dhambi. Lenu litafuteni, kitu kikubwa kile hakipotei hivi hivi, kwenye familia kama hizi huwa kipo juu ya dari ya banda au kwa shangazi fulani kimefunika kuni.

Habari ya namba: chasisi za 507 zinaanza na 70 na injini zilikuwa na mfululizo wake mwenyewe, kwa hiyo mbili hizo kutofanana haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni kumbukumbu za kiwandani. Waandikieni watu wa kumbukumbu wa BMW kule München, muwape namba ya chasisi na nakala ya Brief ya gari, ile hati yake ya Kijerumani, mwombe cheti cha gari ilitoka kiwandani na injini ipi, rangi ipi na tarehe ipi. Kabla hamjapata jibu la maandishi ami asiseme tena hilo neno mbele ya watu wa bima.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Nikupe mifano miwili uwasimulie mezani. Elvis Presley alipokuwa mwanajeshi Ujerumani alichukua 507 mwishoni mwa 1958, nyeupe, kabla yake Hans Stuck, dereva maarufu wa mashindano, alishaiendesha mashindanoni. Wasichana walikuwa wanaiandikia ujumbe kwa lipstiki mpaka ikapakwa nyekundu. Ikaenda Marekani, ikapita mikono, mtu akang'oa V8 yake akaweka ya Chevrolet, ikaishia kwenye ghala miaka na miaka. BMW waliichukua wakaitengeneza miaka miwili, injini wakaiunda upya kutoka kwenye vipuri, vishikio vya mlango na vya kuzungushia vioo ikabidi wavitengeneze kwa printa ya 3D, ndo ikaonyeshwa Pebble Beach, onyesho la magari ya zamani kule California, Agosti 2016. Nzuri sana, sikatai, lakini angalia ni kazi gani ilihitajika kurudisha kitu ambacho kisingetolewa kingekuwepo bure. Mwingine John Surtees, yule bingwa wa dunia wa pikipiki na baadaye Formula 1, yeye yake aliipata mpya 1957 kama yenu, akakaa nayo mpaka alipofariki 2017. Mwaka uliofuata iliuzwa mnadani Goodwood, Uingereza, kwa pauni milioni 3.8. Sisemi muuze, nasema mjue mmefunika nini kwa lile shuka.

Kwa hiyo msiipige polishi, msioshe injini kwa mashine ya presha, vumbi lenyewe pigeni picha kwanza. Tafuteni risiti za petroli, picha za harusi ambazo gari imetokea, barua za fundi wa zamani, daftari la babu kama alikuwa anaandika kilomita. Chunguzeni tu sehemu aluminiamu ya bodi inapokutana na chuma cha chasisi, vyuma hivyo viwili havipatani, pakiwa na unyevu aluminiamu inabadilika unga mweupe, mkiona unga huo msikwangue, pigeni picha mwonyesheni fundi wa bodi. Rangi ya babu ikiwa imepasuka pasuka iacheni imepasuka.

Na huyu mzee wa miaka 81, ambaye 1957 alikuwa mtoto wa shule anaona gari inaingia uani, msimwambie asubiri tu huku nyie mnakomaa na spana. Mwekeni kiti bandani. Mpeni simu ya ile kamera ya waya aangalie silinda moja moja, na mrekodi anachosema, kwa sababu ataanza kukumbuka nani aligonga bampa na jeki ilipo. Siku ya kuzungusha kwa mkono yeye akae kwenye usukani. Kwangu mi kazi yote hiyo ikienda vizuri ni miezi miwili, mitatu mkikuta valvu zimekwama.

Nitumie picha za silivu zote nane na ya ndani ya buti, nitakwambia kama kuna haja ya kufungua hedi. Ile petroli lita ishirini, kama gari yenu ya kila siku sio dizeli, itieni humo.